Kiuno kimepanuka ilhali uzani haujabadilika: nianze kurekebisha wapi?

Mwalimu mstaafu, Kisumu

Nawasalimu nyote. Mimi ni mwalimu mstaafu mwenye umri wa miaka 66, mkazi wa Mamboleo, na jambo ninalouliza linawasumbua pia wenzangu kadhaa tulioacha ualimu katika miaka ya karibuni. Kila ninapokwenda kliniki ya presha, mizani husoma kilo 78, uzani uleule niliokuwa nao nikiwa bado darasani, lakini suruali nilizokuwa nikivaa kazini hazifungi tena kiunoni. Mapaja yamepungua nguvu, jambo ninalolihisi kila ninapopanda ngazi, mikono imekonda, na tumbo limesonga mbele. Daktari aliyenihudumia aliniambia nipunguze kula, kisha akamwita mgonjwa aliyefuata.

Niwaeleze siku yangu inavyokwenda ili mnaojua muweze kunisaidia. Nilipokuwa kazini nilitembea kutoka nyumbani hadi shuleni na kurudi, na mchana kutwa nilikuwa nimesimama mbele ya wanafunzi. Siku hizi, baada ya chai ya asubuhi, huketi barazani na gazeti. Wageni hawakosi, na kila mgeni anapofika chai ya maziwa hupikwa upya, nami sina mazoea ya kunywa chai isiyo na vijiko viwili vya sukari. Tangu nilipoagizwa nipunguze kula nimeacha kabisa chakula cha mchana. Jioni, kwa kuwa njaa imeniuma, hula ugali mwingi na samaki wa kukaanga mwendo wa saa tatu usiku, kisha nalala. Usingizi wenyewe ni wa vipande vipande, na mara nyingi saa tisa za usiku huwa niko macho.

Je, tumbo hili limeletwa na umri pekee, kwamba halina budi kuja, au kuna mazoea mahususi yanayolilisha? Je, yale mazoezi ya kulala chali na kuinua kiwiliwili yanaliondoa? Dawa za mitishamba zinazouzwa sokoni kwa ahadi ya kuyeyusha mafuta zina ukweli wowote? Na zaidi ya yote, ikiwa mtu wa umri wangu anaweza kubadilisha mambo mawili au matatu tu, ni yapi yanayostahili kutangulia?

Muuguzi, Kakamega

Mwalimu, pokea salamu zangu. Ninahudumu katika kliniki ya kisukari, na hali unayoieleza ni miongoni mwa zile tunazozikuta mara nyingi kwa watu waliopita miaka 60. Mizani haikudanganyi, ila inakupa jumla tu. Kilo ulizopoteza katika misuli ya mapaja na mikono zimerudi tumboni kama mafuta, na jumla ikabaki 78. Ndiyo maana kwa mtu wa umri wako mimi huuliza kiuno kabla ya kuuliza kilo.

Chukua utepe wa fundi cherehani. Papasa ubavu wa mwisho upande mmoja wa mwili, kisha papasa ukingo wa juu wa mfupa wa nyonga, na upitishe utepe katikati ya sehemu hizo mbili, juu ya ngozi na si juu ya shati. Pumua kama kawaida, utoe pumzi, ndipo usome, bila kuvuta tumbo ndani. Wanaume wengi hupima pale mkanda unapokaa, chini ya tumbo lenyewe, wakapata nambari ya kuwafariji isiyo na maana. Kwa vigezo vya Shirika la Afya Duniani, hatari ya kisukari na maradhi ya moyo huongezeka kiuno cha mwanamume kinapozidi sentimita 94, na huwa kubwa zaidi kinapozidi 102; kwa mwanamke viwango ni 80 na 88. Vigezo hivyo vimetokana zaidi na watu wa Ulaya, nasi tunavitumia kwa kuwa takwimu za Waafrika hazijatosha kutoa vyetu, kwa hiyo napenda kuongeza kipimo kinachozingatia kimo cha mtu: kiuno kisifikie nusu ya urefu wako. Uingereza ilianza kukipendekeza rasmi kwa watu wake mwaka 2022.

Kinachotutia wasiwasi ni mafuta yaliyo ndani, yanayozunguka ini, matumbo na kongosho. Yale yaliyo chini ya ngozi, unayoweza kuyafinya kwa vidole, yana madhara machache zaidi. Damu inayotoka kwenye matumbo na mafuta yanayoyazunguka hupita moja kwa moja kwenye ini kupitia mshipa mmoja mkubwa, na mafuta ya ndani yanapozidi, ini hupokea mzigo huo kila saa. Matokeo yake ni kwamba ini huanza kujaa mafuta, hutoa sukari nyingi kuliko inavyohitajika, na insulini, homoni inayoshusha sukari kwenye damu, ikawa haisikilizwi vizuri na mwili. Mtu anaweza kuwa na miguu myembamba na uzani wa wastani, akawa tayari anaelekea kwenye kisukari.

Umri una sehemu yake, lakini ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 2021 jarida la Science lilichapisha uchunguzi uliokusanya vipimo vya watu zaidi ya 6,000 kutoka nchi 29, na ikaonekana kwamba nishati inayotumiwa na mwili, ikishalinganishwa na ukubwa wa mwili wenyewe, haipungui kati ya miaka 20 na 60. Huanza kupungua baada ya hapo, na kwa takriban asilimia 0.7 tu kwa mwaka. Kwa hiyo tumbo lililotokea mara tu baada ya kustaafu lina uhusiano mkubwa zaidi na kiti cha barazani kuliko na tarehe ya kuzaliwa. Umepoteza kutembea na kusimama kutwa nzima bila kuweka kitu chochote mahali pake, na misuli isiyotumiwa huyeyuka haraka zaidi uzeeni kuliko ujanani.

Sasa nizungumzie kuacha chakula cha mchana, kwa sababu hapa ndipo ninapokusihi ubadilike upesi. Ushauri uliopewa haukuwa mbaya, ila haukukamilika. Mwili wa mzee unaokaa na njaa mchana kutwa huchota pia kutoka kwenye misuli, na usiku ukipokea sahani moja kubwa yenye wanga mwingi hauwezi kurudisha kilichochotwa. Wataalamu wa lishe ya wazee wanapendekeza gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzani kwa siku, ikiwa mafigo ni mazima, na ni bora igawanywe katika milo yote. Kwako hiyo ni kati ya gramu 78 na 94. Kikombe cha maharagwe yaliyopikwa kina gramu 15 hivi, yai lina 6. Sisi wa Magharibi na Nyanza hatuna kisingizio hapa, maana omena, ndengu, kunde, njugu na maziwa vinapatikana katika kila soko, na omena ni rahisi kuliko nyama.

Kuhusu sukari, tuseme unakunywa vikombe vitano kwa siku. Hivyo ni vijiko kumi, takriban gramu 40, na hapo nimechukulia kwamba kijiko kimesawazishwa, jambo ambalo nyumbani kwetu ni nadra. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana ishuke chini ya asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima wa kawaida ni gramu 25 hivi. Hujagusa mandazi wala soda na tayari umeshapita kiwango hicho cha pili. Mpokee mgeni wako kama desturi inavyotaka, umpikie chai yake, nawe ujimiminie ya rangi isiyo na sukari au maji.

Usingizi watu huusahau kabisa. Watafiti wa Mayo Clinic nchini Marekani walichapisha mwaka 2022 jaribio dogo la watu 12 wenye afya, ambao kwa majuma mawili waliruhusiwa kulala saa nne tu kwa usiku na kula walivyotaka. Mafuta ya ndani ya tumbo yaliongezeka kwa asilimia 11 ikilinganishwa na walipolala vya kutosha, ilhali uzani ulipanda kidogo mno. Hao walikuwa vijana, na jaribio la watu 12 halimalizi mjadala, lakini linafanana mno na tunayoyaona kliniki. Angalia mambo matatu: chai ya jioni, ambayo ina kafeini, dawa ya presha, kwani zile za kukojolesha zikimezwa jioni humwamsha mtu usiku, hivyo uulize kama yako inaweza kumezwa asubuhi, na kukoroma. Mama nyumbani akikwambia kwamba unakoroma kwa nguvu kisha pumzi inakatika, mweleze daktari, kwa maana hali hiyo huenda pamoja na tumbo kubwa na presha isiyoshuka.

Mazoezi ya kuinua kiwiliwili hutia nguvu misuli ya tumbo, lakini mwili hauondoi mafuta mahali unapopafanyisha kazi. Huyatoa kote kwa mpango wake. Dawa za sokoni usiziguse. Nyingi huharisha au kukojolesha, ukapoteza maji ukadhani ni mafuta, na kwa mtu anayemeza dawa za presha hilo linaweza kumwangusha chooni.

Ukiniuliza mpangilio, ningesema: rudisha kutembea na kutia misuli nguvu, rudisha chakula cha mchana chenye protini na upunguze sahani ya usiku, kisha uondoe sukari kwenye chai. Usingizi wenyewe huanza kutengemaa hayo yakishika.

Mama mkulima, Lanet, Nakuru

Mwalimu, niruhusu niongeze upande wa akina mama, kwa sababu wake zenu wanasoma pia. Kabla hedhi haijakoma, mafuta ya mwanamke hukaa zaidi kwenye nyonga na mapaja. Homoni ya estrojeni ikishapungua huhamia tumboni, na hili hutokea hata kwa mwanamke ambaye hajaongeza kilo hata moja. Nilipoelezwa hivyo na muuguzi wa kituo chetu cha afya niliacha kujilaumu, nikaanza kuangalia jikoni.

Kwangu kilichokuwa kimejificha ni mafuta ya kupikia. Nilikuwa nikiyamimina kutoka kwenye chupa moja kwa moja hadi sufuriani, na sukuma wiki ikiiva inang'aa, mafuta yamebaki chini ya sahani. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta kina kalori 120 hivi, sawa na kipande kizuri cha ugali, na mkono unaomimina kutoka chupani hauishii kwenye vijiko vitatu. Sasa kijiko kinakaa ndani ya sufuria kabla chupa haijafunguliwa, vijiko viwili kwa familia nzima, na managu na kunde huzichemsha kisha nikazitia maziwa kama mama zetu walivyofanya. Unga napeleka mahindi yangu yakasagwe bila kukobolewa. Nusu ya sahani ni mboga, na ugali umerudi kuwa kitu cha kulia mboga.

Jambo la pili ni mikutano. Mwanamke wa umri wangu ana chama, ana kanisa, ana matanga na harusi, na kila mahali anawekewa soda na mandazi. Soda ya mililita 300 ina gramu 30 hivi za sukari. Katika chama chetu tulikubaliana kwamba anayekaribisha apike viazi vitamu au nduma za kuchemsha, njugu, na uji wa wimbi usiotiwa sukari. Walionung'unika walikuwepo, na bado wanakuja.

Kwa wanaume nitasema neno moja tu kuhusu pombe. Kila gramu ya kilevi ina kalori 7, karibu mara mbili ya sukari, na mwili huanza na kuichoma pombe kwanza huku ukiweka akiba mafuta ya nyama choma iliyoliwa nayo. Anayesema kwamba hali chakula kingi ilhali anapita kwenye baa kila jioni hajahesabu vyote.

Mzee wa Bungoma

Nimesoma kwa makini, na nina pingamizi ambalo naomba lichukuliwe kwa uzito. Huku kwetu tumeona mzee akiambiwa apunguze uzani, akapunguza kweli, na baada ya hapo kila homa ikamlaza. Aidha, tuliishi miaka ambayo mtu aliyekonda ghafla alinong'onwa kijiji kizima kwamba ana Ukimwi, na woga huo haujawatoka watu wa rika letu. Mzee mwenye mwili kidogo anaonekana ametunzwa na watoto wake. Wazee wetu walikula ugali mkubwa kuliko huu wetu, na wengi wao hawakuwa na vitambi. Je, hatuwatishi wazee bure?

Muuguzi, Kakamega

Mzee wangu, pingamizi lako lina haki, na madaktari wenyewe wanakubaliana na sehemu yake. Mtu aliyepita miaka 65 akipunguza uzani kwa kujinyima chakula pekee hupoteza misuli na uimara wa mifupa pamoja na mafuta, na hapo ndipo kuanguka na kuvunjika nyonga kunapokaribia. Mwaka 2017 jarida la New England la tiba lilichapisha jaribio la wazee 160 wenye unene uliopita kiasi, ambao baadhi walipunguza uzani huku wakifanya mazoezi ya kuharakisha pumzi na moyo, kama kutembea kwa kasi, wengine ya kutia misuli nguvu, na wengine yote mawili. Waliofanya yote mawili ndio walioimarika zaidi katika kutembea, kuinuka na kujihudumia. Kwa Mwalimu simwombi ashuke kilo. Akibaki na 78 zake, mapaja yakarudi na kiuno kikapungua, nitafurahi.

Kuhusu wazee wetu, walikula ugali ule wakiwa wametoka kulima kwa jembe tangu alfajiri, na sokoni walikwenda kwa miguu. Ugali tumeurithi, jembe na safari tumewaachia boda boda na trekta.

Afisa wa kliniki, Homa Bay

Nina tahadhari moja kabla Mwalimu hajaanza lolote, na nawaomba wote wanaosoma waiweke akilini: si kila tumbo lililotokeza ni la mafuta. Tumbo la mafuta huja polepole kwa miezi na miaka. Likija kwa majuma machache, likawa gumu au limejaa kama ngoma, au likiambatana na miguu kuvimba, macho kuwa ya manjano, kukosa hamu ya kula, homa za jioni au kupungua kwa mwili wote uliobaki, mtu asijipangie chakula wala mazoezi, aende hospitalini. Huku kandokando ya ziwa tuna kichocho cha matumbo, ambacho kikikaa miaka mingi huharibu ini, bandama ikavimba na maji yakajaa tumboni, na wanaokabiliwa zaidi ni wavuvi na wote walioshinda majini tangu utotoni. Kifua kikuu cha tumbo na moyo uliochoka huweza pia kujaza maji. Kwa mwanamke, hasa aliyekwisha kukoma hedhi, tumbo linalokua huku akishiba upesi au akikojoa mara kwa mara linahitaji kupigwa picha ya mawimbi ya sauti, kwa kuwa uvimbe wa mfuko wa mayai huanza kimya hivyohivyo.

Dawa nazo ziangaliwe. Prednisoloni, dawa ya steroidi ya kutuliza uvimbe na maumivu, na jamii yake, zikitumiwa kwa muda mrefu, huhamishia mafuta tumboni na usoni na kula misuli ya mapaja. Wapo wanaozinunua kwa ajili ya maumivu ya viungo bila kujua walichomeza. Baadhi ya dawa za zamani za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi zilifanya vivyo hivyo, na dolutegravir inayotumiwa sasa huongeza uzani kwa baadhi ya watu. Hakuna anayeruhusiwa kuziacha kwa sababu hiyo. Amweleze anayemhudumia, kisha afuate haya mengine yaliyoandikwa hapa, maana yanamfaa yeye pia.

Mwalimu mstaafu, Kisumu

Nawashukuru kutoka moyoni, kila mmoja kwa jina la kazi yake. Tumbo langu limekuja polepole na sina dalili zilizotajwa. Binti yangu amenipima kwa utepe kama Muuguzi alivyoelekeza: kiuno ni sentimita 101, na kimo changu ni 170, kwa hiyo nimepita nusu kwa mbali. Chakula cha mchana nimekirudisha, ni kunde na omena pamoja na ugali mdogo. Kilichobaki ni mwendo. Goti langu la kulia huuma nikitembea mteremko, na jua la Kisumu baada ya saa nne halitembeleki. Kuna mazoezi gani ya kutia misuli nguvu yasiyohitaji vyuma wala kulipia ukumbi?

Mtaalamu wa fiziotherapia, Kisumu

Mwalimu, kwa bahati nzuri unavyo vyote nyumbani. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unawataka watu wa miaka 65 na zaidi wapate dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa juma, mazoezi ya misuli angalau siku mbili, na ya kusawazisha mwili angalau siku tatu. Usianze na dakika 150. Anza na kumi asubuhi, kati ya saa kumi na mbili na saa mbili kabla jua halijakali, kwenye barabara tambarare, kwa kasi inayokuwezesha kuzungumza lakini si kuimba. Ongeza dakika mbili tatu kila juma. Miteremko ya kuelekea mjini iepuke kwa sasa, upande kurudi kwa matatu ukichoka.

Kwa misuli, tumia kiti kilekile cha barazani, kilichoegemezwa ukutani kisiteleze. Keti ukingoni, miguu ikiwa na upana wa mabega, vuta visigino nyuma kidogo ya magoti, inamisha kifua mbele, kisha inuka bila kushika mikono. Keti tena polepole, ukihesabu hadi tatu wakati wa kushuka, kwa sababu kushuka polepole ndiko kunakojenga paja. Fanya mara nane, pumzika, rudia mara mbili. Goti likiuma, weka mto juu ya kiti ili usishuke chini sana. Paja likipata nguvu, goti lenyewe hupata nafuu, na wengi huona tofauti baada ya majuma sita hadi nane. Kwa mikono na kifua, simama hatua moja kutoka ukutani, viganja ukutani, jisukume. Kwa kubeba, jaza maji nusu katika mitungi miwili ya lita tano, tembea nayo uani kwenda na kurudi, mgongo ukiwa wima. Kwa usawa wa mwili, simama kwa mguu mmoja huku umeshika sinki ukisubiri chai ichemke.

Kati ya vipindi hivyo usikae zaidi ya nusu saa bila kuinuka. Gazeti lisome ukurasa mmoja, uzunguke nyumba, urudi.

Usibanie pumzi unapoinuka, kwa kuwa presha hupanda. Toa pumzi wakati wa kujitahidi. Ukisikia kifua kubana, kizunguzungu au moyo kwenda mbio usivyo kawaida, acha hapo hapo uende kituo cha afya. Pima kiuno mara moja kwa mwezi, asubuhi kabla hujanywa chai, na binti yako ndiye ashike utepe kila mara ili kipimo kisibadilike kwa mkono wa mpimaji. Hata sentimita mbili zikipungua katika miezi mitatu huku kilo zikibaki 78, mpelekee Muuguzi au daktari wako nambari hizo pamoja na vipimo vya presha na sukari, kwa sababu huenda kipimo cha dawa yako kikahitaji kuangaliwa upya.